Kufundisha Lishe kwa Majedwali ya Vyakula: Kwa Nini Namba Hubadilika

Utangulizi

Katika somo la sayansi, mada ya lishe huonekana nyepesi kuliko nyingine nyingi. Chakula kipo nyumbani, shambani na sokoni, na wanafunzi wamekijua kabla hawajaijua shule. Kwa sababu hiyo mwalimu mgeni wa kazi aghalabu huamini kwamba akishapata jedwali la viini vya vyakula, pamoja na orodha ya kadiri za ulaji zinazopendekezwa, kilichobaki ni kunakili namba ubaoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba namba hizo hazina budi kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu mapendekezo ya ulaji yanapobadilishwa, namba zilizomo katika jedwali nazo huweza kubadilika, ingawa chakula chenyewe hakikubadilika hata chembe.

Tuchukue mfano wa Moshono, upande wa mashariki wa Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru. Mashamba ya huko hutoa mahindi, maharage, ndizi na mboga za majani. Mchicha na mnavu ni mboga za kawaida, na maziwa hupatikana kwa wafugaji. Mwalimu aliye katika mazoezi ya kufundisha anataka kuwaonyesha wanafunzi wa darasa la tano kama fungu moja la mchicha linamtosha mtoto kwa vitamini A. Akifungua majedwali matatu ya nyakati mbalimbali anaweza kukuta majibu matatu yaliyo mbalimbali. Je, ashike lipi?

1. Jedwali la viini vya vyakula ni nini

Jedwali la viini vya vyakula ni orodha inayoonyesha kiasi cha nishati, protini, mafuta, madini na vitamini kilichomo katika chakula, aghalabu katika gramu 100 za sehemu inayolika. Afrika ya Mashariki imekuwa na majedwali yake. Mwaka 1988 lilitolewa jedwali la vyakula vinavyoliwa sana Afrika ya Mashariki, lililotayarishwa na C. E. West, F. Pepping na C. R. Temalilwa. Mwaka 2008 Tanzania ilipata jedwali la taifa, ambalo lilikuwa kazi ya pamoja ya Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani. Kenya nayo ilitoa jedwali lake jipya mwaka 2018.

Yatupasa kutofautisha namba za aina mbili zinazokaa bega kwa bega katika majedwali hayo. Namba za aina ya kwanza ni za kupimwa: mtaalamu huchukua mchicha, huupeleka maabara, na hupata kwamba una maji kiasi fulani na karotini kiasi fulani. Namba za aina ya pili ni za kukokotolewa: mtaalamu huchukua kile kilichopimwa na kukigawanya au kukizidisha kwa kigawe ambacho wataalamu wa lishe wamekubaliana. Namba ya kwanza hubadilika mchicha ukibadilika, kwa mfano aina ya mbegu, udongo, au namna ya kupika. Namba ya pili huweza kubadilika makubaliano yakibadilika. Vitamini A ya mboga za majani ni ya aina hii ya pili.

2. Mfano wa vitamini A

Mboga za majani hazina vitamini A iliyo tayari. Zina karotini, hasa beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini A iliyo tayari, iitwayo retinoli, hupatikana katika maziwa, mayai, maini na vyakula vingine vitokanavyo na wanyama. Swali lililowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi ni hili: inahitajika beta-karotini kiasi gani ili mwili upate mikrogramu moja ya retinoli?

Majedwali ya zamani yalitumia vizio vya kimataifa, ambavyo hufupishwa kwa herufi IU. Kizio kimoja kilikuwa sawa na mikrogramu 0.6 za beta-karotini. Mwaka 1967 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Shirika la Afya Duniani, yalipendekeza kipimo kingine, kinachoandikwa RE: mikrogramu 6 za beta-karotini zihesabiwe kuwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli. Kisha mwaka 1995 watafiti waliofanya kazi Indonesia walitangaza kwamba akina mama wanyonyeshao walioongezewa mboga za majani katika mlo hawakuonyesha nafuu iliyotazamiwa. Miongoni mwa watafiti hao alikuwamo Clive West, yule yule aliyeshiriki kutayarisha jedwali la Afrika ya Mashariki la mwaka 1988. Uchunguzi huo na mwingine ulionyesha kwamba karotini iliyofungwa ndani ya majani hufyonzwa kwa shida kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka kipimo kipya, RAE, ambacho huhesabu mikrogramu 12 za beta-karotini kuwa sawa na mikrogramu 1 ya retinoli.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme fungu letu la mchicha lina mikrogramu 3,600 za beta-karotini, namba tuliyoichagua kwa ajili ya wepesi tu.

Kwa IU: 3,600 ÷ 0.6 = 6,000.
Kwa RE: 3,600 ÷ 6 = 600.
Kwa RAE: 3,600 ÷ 12 = 300.

Mchicha ni mmoja, namba ni tatu. Tazama jinsi jambo hili linavyomgusa mtoto. Mapendekezo ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyochapishwa mwaka 2004 yanamtakia mtoto wa miaka 10 mikrogramu 600 kwa siku kwa kipimo cha RE. Mapendekezo ya Marekani ya mwaka 2001 yanamtakia mtoto wa umri huo mikrogramu 600 vilevile, ila kwa kipimo cha RAE. Namba za mahitaji zinafanana, lakini kwa hesabu ya kwanza fungu la mchicha linamtosheleza mtoto, na kwa hesabu ya pili linampa nusu tu. Mwalimu atakayechukua mahitaji kutoka kitabu kimoja na mchicha kutoka kitabu kingine, bila kutazama kipimo, atawaambia wazazi kwamba mtoto ameshiba vitamini ambayo pengine hakuipata.

Wataalamu wenyewe hawajaafikiana kikamilifu. Mwaka 2015 mamlaka ya Ulaya inayoshughulikia usalama wa chakula ilibakiza kigawe cha 6. Kwa sababu hiyo jedwali la Kenya la mwaka 2018 linaonyesha safu ya RE na safu ya RAE, ili msomaji achague ile inayolingana na mapendekezo anayoyatumia. Huo ni utaratibu mzuri, mradi msomaji ajue kwamba safu zipo mbili.

3. Makato huwekwa upande gani

Mwili haufyonzi kila kilichomo katika chakula. Yapo makato. Wataalamu hawana budi kuyaweka makato hayo mahali fulani: ama upande wa chakula, yaani ndani ya jedwali, ama upande wa mtu, yaani ndani ya mapendekezo ya ulaji. Mwanachuo akilishika jambo hili, mengine yatamwia mepesi.

Kwa vitamini A, makato yamewekwa upande wa chakula, kama tulivyoona. Kwa madini ya chuma, yamewekwa upande wa mtu. Jedwali huandika chuma chote kilichopimwa katika maharage, bila kupunguza. Lakini mapendekezo ya mwaka 2004 hutoa mahitaji zaidi ya moja kwa mtoto wa miaka 7 hadi 10: miligramu 5.9 kwa siku ikiwa mlo wake huruhusu asilimia 15 ya chuma kufyonzwa, miligramu 8.9 ikiwa ni asilimia 10, na miligramu 17.8 ikiwa ni asilimia 5. Mtoto anayekula makande bila nyama wala tunda, kisha akateremshia kwa chai, yuko karibu na mahitaji ya juu, kwa kuwa nafaka, kunde na chai huzuia ufyonzaji wa chuma. Chungwa au ndimu baada ya chakula husaidia.

Foleti nayo ina habari yake. Mwaka 1998 wataalamu wa Marekani waliamua kwamba asidi ya foliki inayoongezwa katika chakula hufyonzwa vizuri kuliko foleti ya asili, na kila mikrogramu yake ikahesabiwa kuwa 1.7. Hivyo mikrogramu 100 za asidi ya foliki iliyotiwa katika unga huhesabiwa 170. Tanzania iliweka kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011, na mpango wa taifa ukazinduliwa mwaka 2013. Unga wa ngano na wa mahindi huongezwa madini na vitamini, ikiwamo asidi ya foliki, na mafuta ya kula huongezwa vitamini A. Basi mwalimu anapouliza ugali una foleti kiasi gani, na aulize pia unga umetoka wapi. Unga wa kiwandani uliorutubishwa na unga uliosagwa kwenye mashine ya jirani bila kuongezwa kitu haufai kusomwa katika mstari mmoja wa jedwali.

4. Namna ya kufundisha

Wanafunzi wa shule ya msingi hawahitaji kukariri RE wala RAE. Wanahitaji kuelewa wazo. Tunapendekeza somo la vipindi viwili.

Vifaa: punje 36 za mahindi na maharage 6 kwa kila kikundi, fungu la mchicha au mnavu kutoka shamba la shule, na ubao.

Hatua ya kwanza. Kila punje iwe ni karotini ya mboga. Wanafunzi wapange punje zao katika mafungu ya sita sita, na wahesabu mafungu: ni 6. Kila fungu ni sehemu moja ya vitamini A.

Hatua ya pili. Wazipange upya punje zile zile katika mafungu ya kumi na mbili. Sasa mafungu ni 3. Mwalimu aulize: Je, kuna punje iliyopotea? Ni nini kilichobadilika? Asiwape jibu upesi. Awaache wabishane mpaka waseme kwamba kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Hatua ya tatu. Kila haragwe liwe ni retinoli ya maziwa au yai. Haragwe moja ni sehemu moja, mara zote mbili. Wanafunzi waone ni maharage mangapi yanayojaza upungufu wa mafungu matatu.

Hatua ya nne. Kila kikundi kipange mlo wa siku moja kwa vyakula vinavyopatikana kwao: ugali, maharage, mnavu uliopikwa kwa mafuta, loshoro yenye maziwa, ndizi, papai. Mwalimu aeleze kwamba mafuta husaidia karotini kufyonzwa, na kwamba karotini ya matunda kama papai na embe hufyonzwa kwa urahisi kuliko ile ya majani.

5. Mambo ya kuepuka

Mwalimu asitoke na fundisho kwamba mboga hazina maana. Hilo lingekuwa kosa kubwa, hasa kwa familia ambayo maziwa yake huuzwa asubuhi ili kupata fedha za matumizi. Kwa familia hiyo mboga za majani ndizo hazina iliyo karibu, nazo huleta pia foleti, vitamini C na madini. Si bure kwamba kule Tengeru, jirani na Moshono, tawi la World Vegetable Center lililoanza mwaka 1992 hushughulikia mboga za asili kama mnavu na mchicha. Hesabu mpya inatufundisha kula mboga zaidi, kuzipika kwa mafuta na kuzisindikiza kwa vyakula vingine.

Kadhalika, jedwali si daktari. Mwalimu akimwona mtoto anayejikwaa na kupapasa jioni, wenzake wakiona vema, asianze kuhesabu mafungu ya mchicha. Awaarifu wazazi mara moja wampeleke kituo cha afya. Pia awakumbushe umuhimu wa matone ya vitamini A, ambayo watoto wadogo wa miezi 6 hadi 59 hupewa mara mbili kwa mwaka.

Hitimisho

Kabla ya kuandika namba yoyote ya lishe ubaoni, mwalimu ajiulize maswali matatu. Jedwali hili ni la mwaka gani? Kipimo kilichoandikwa juu ya safu ni kipi? Mapendekezo ninayolinganisha nayo yanatumia kipimo hicho hicho? Asipopata majibu, ni heri afundishe kwa vyakula vyenyewe bila namba, kuliko kufundisha kwa namba zisizolingana.

Maswali kwa wanachuo

1. Chakula kina mikrogramu 2,400 za beta-karotini na hakina retinoli. Kokotoa vitamini A yake kwa RE na kwa RAE.
2. Eleza kwa nini namba ya chuma katika jedwali haikupunguzwa, ilhali ile ya vitamini A ilipunguzwa.
3. Andaa andalio la somo la hatua nne tulizozitaja, ukitumia vyakula vya mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha.