Mpango wa Jiko la Nyumbani: Sehemu ya Pili, Kimo cha Meko na Hatua za Mpishi

Katika sehemu iliyotangulia tulizungumza juu ya mahali pa jiko katika kiwanja, na sasa yatupasa kuingia ndani yake. Maana nyumba nyingi za saruji na bati zinazojengwa hapa Nyalikungu na kule Bariadi zimefanyiwa hesabu njema ya sebule na vyumba vya kulala, na jiko likapewa nafasi iliyosalia, ilhali ndimo mama wa nyumba na binti zake wanamopitisha saa nyingi za mchana.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kimo. Fundi huchukua mfano katika picha za ughaibuni, akajenga jukwaa moja la saruji la sentimita 90, akaweka juu yake sinki, mahali pa kukatia na jiko la gesi, vyote sawasawa. Kimo hicho chafaa kwa kukata mboga, lakini chakula chetu kikuu ni ugali, na ugali hautaki wepesi wa vidole, bali hutaka uzito wa mabega uteremke juu ya mwiko. Sufuria ya kulisha watu wanane ina kina cha shubiri moja na zaidi. Ikikaa juu ya jiko lililo juu ya jukwaa hilo, ukingo wake hufika kifuani, viwiko hupanda, na nguvu za msongaji hupotea bure. Kwa sababu hiyo, hata katika nyumba yenye marumaru utamkuta mpishi ameshusha sufuria sakafuni na kuinama juu yake, au amerejea uani kwenye mafiga, na jiko la fahari limebaki la kuchemshia chai.

Dawa yake ni kujenga vimo viwili. Mpishi na asimame wima akunje mikono, fundi apime kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Meza ya kukatia iwe chini ya kiwiko kwa upana wa kiganja, na jukwaa la moto literemke zaidi, hata ukingo wa sufuria iliyokwisha kutelekwa uwe usawa wa nyonga. Kwa mwanamke wa kimo cha wastani, jukwaa hilo litakuwa baina ya sentimita 50 na 60. Fauka ya hayo, sufuria sharti ishikwe isizunguke wakati wa kusonga, na katika jambo hili meko ya udongo ya mabibi zetu, yenye kingo zinazoikumbatia, yashinda majiko mengi ya dukani.

Ilmu ya kupima kazi za jikoni ina historia yake. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu wa majengo kutoka Vienna, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, baada ya kuhesabu hatua na dakika za kila kazi. Majiko yapatayo 10,000 yakajengwa kwa mfano huo. Aliyesimamia ujenzi wa mji ule, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934 akalima shamba, kisha akafanya usanifu Kenya na Uganda. Bibi yule mwenyewe alikiri kwamba kabla ya kazi ile hakuwa amepika wala kuendesha nyumba; basi kipimo kilimfaa kuliko mazoea, nacho chaweza kumfaa fundi wetu pia, maadamu apime kazi zetu wala si za Frankfurt. Jiko lile lilikusudiwa mpishi mmoja; katika letu hupika wawili au watatu, nalo lataka nafasi ya mita 1.2 ili mmoja apite nyuma ya mwenziwe aliyebeba uji wa moto.

Mpangilio wa vitu na ufuate safari ya chakula: unga na michembe karibu na mlango, kisha maji, kisha meza, kisha moto, na mwisho mahali pa kupakulia kuelekea wanakokula. Pipa la maji lipewe nafasi yake tangu mwanzo, hata kama bomba limefika, kwani kiangazi chetu ni kirefu.

Ama kuhusu hewa, serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hata hivyo kuni na miti ya pamba ingali inawaka katika nyumba nyingi za Maswa, na mwenye busara hujenga kwa ajili ya yote mawili. Moshi hupanda, basi matundu yake yawe juu, katika kuta mbili zinazoelekeana, na dohani juu ya meko. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, basi pawe na tundu jingine karibu na sakafu. Mtungi wenyewe usikae kamwe chumba kimoja na moto wa kuni.

Nawasihi wenye viwanja wasimkabidhi fundi ramani kabla ya yule atakayepika hajasimama mbele yake na kupimwa. Katika sehemu ya tatu, Inshallah, tutaeleza ghala na uhifadhi wa nafaka.