Andika unachokitaka: somo nililopewa na mjukuu wangu Minnesota

Ijumaa ya tarehe 21 Machi 2025 ilinikuta Saint Paul, nyumbani kwa binti wa ndugu yangu. Ramadhani, sote tumefunga. Karibu saa tano asubuhi mjukuu wetu alikaa na kompyuta mapajani, nasi wazee kimya kama tunaongojea mwezi uandame. Kwenu Maskati ilikuwa inakaribia saa mbili usiku.

Mtoto huyu kasomea udaktari Misri. Marekani shahada peke yake haikupi ruhusa ya kutibu. Sharti upite mitihani yao, kisha uingie mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka mitatu au zaidi. Nafasi hizo zina mpango wake wa nchi nzima tangu 1952. Ukishasailiwa, unaziorodhesha hospitali kwa jinsi unavyozipenda. Nazo zinawaorodhesha madaktari. Kompyuta inaoanisha. Jumatatu unaambiwa umepata au hukupata. Ijumaa unaambiwa wapi. Ukipangiwa, umefungika.

Mwaka wa kabla, Jumatatu ilimletea "hukupata". Na mkono wangu ulikuwemo. Nimefundisha sekondari ya misheni miaka mingi, nikiwajazisha watoto fomu za kuchagua shule. Siku zote nikiwaambia: shule kubwa zikikuona umeziweka za pili, hazikutaki, andika unayoiweza. Basi nikamshauri azifute hospitali mbili kubwa zilizomsaili, asionekane ana tamaa. Akanitii.

Safari hii alinikalisha yeye. "Babu, hospitali haziioni orodha yangu." Kompyuta inaanza na chaguo lako la kwanza, likikukataa, inashuka la pili, na huko hupotezi kitu kwa kuwa ulijaribu juu kwanza. Utaratibu huo ulitengenezwa upya miaka ya 1990 na mchumi Alvin Roth, aliyepata Nobel mwaka 2012. Kwa hiyo woga hauna faida. Kufupisha orodha ndiko kunakoumiza, hasa kwa waliosoma nje, ambao kwa kawaida hupata kama 6 tu katika kila 10.

Minnesota imeliona tatizo hilo: mwaka 2015 ilianzisha mpango wa kuwasaidia madaktari wahamiaji, wakiwemo ndugu zetu Wasomali, waingie mafunzoni.

Saa tano ikagonga. Akasoma, akafunika mdomo. Chaguo la tatu: udaktari wa familia, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwa mamake. Zile mbili kubwa hazikumchukua, lakini safari hii alizibishia hodi mwenyewe. Mamake akalia, sijui kwa furaha au kwa umbali. Mimi nikamwomba radhi mtoto, tukaondoka kuwahi Ijumaa.

Wazazi wenzangu mlio na watoto wanaosomea udaktari Misri, India au Pakistan: wakifika hatua hii, waombeeni dua. Orodha waachieni wenyewe.