Wafugaji wa alpaka na virusi vinavyosafiri tumboni

COLUMBUS, Ohio – Ukitoka mjini hapa na kushika barabara za vijijini, haichukui muda kabla hujaona nyuma ya uzio mnyama mwenye shingo ndefu, macho makubwa na sufu nene. Wengi wetu tukimwona mara ya kwanza hudhani ni kondoo aliyerefuka shingo. Huyo ni alpaka, ndugu wa lama na binamu wa mbali wa ngamia. Asili yake ni milima ya Andes, huko Peru, Bolivia na Chile. Wafugaji wa Marekani walianza kumwingiza kibiashara mwaka 1984, na leo Ohio ni miongoni mwa majimbo yenye alpaka wengi.

Huenda msomaji akauliza, alpaka wanatuhusu nini sisi? Aliyezaliwa katika jamii ya wafugaji analijua neno sotoka. Ugonjwa huo wa virusi ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ukawaacha watu na njaa, na ni mwaka 2011 tu ulipotangazwa kuwa umetokomezwa duniani. Sotoka ilikuwa adui wa wazi: mizoga ilionekana, na kila mtu alijua maradhi yameingia. Ugonjwa unaowasumbua wafugaji wa alpaka una tabia tofauti kabisa. Unaingia zizini kimya kimya, tena mara nyingi mwenye mifugo ndiye anayeufungulia lango.

Kwa kifupi unaitwa BVD, yaani kuhara kwa ng'ombe kunakosababishwa na virusi. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1946 katika jimbo la New York, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ni shida ya wenye ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa mifugo wa Marekani na Kanada wakaanza kuripoti virusi hivyo kwa alpaka. Baadaye Uingereza nayo ikaripoti.

Alpaka mkubwa akiambukizwa, mara nyingi huwezi kujua. Atapata homa ya siku chache, pengine kamasi na kukosa hamu ya kula, kisha mwili wake unavishinda virusi na mambo yanaisha. Balaa linakuja akiwa na mimba. Anaweza kuitupa. Lakini virusi vikimfikia mtoto mapema, kabla kinga yake haijajifunza kutofautisha kilicho chake na kilicho kigeni, mtoto huyo anaweza kunusurika na kuzaliwa huku mwili wake ukiamini kwamba virusi ni sehemu yake. Hatapigana navyo kamwe. Atavimwaga kwa kamasi, mate, mkojo na kinyesi kila siku ya uhai wake. Wataalamu humwita mbebaji wa kudumu.

Baadhi ya watoto hawa, ambao wafugaji huwaita kria, huzaliwa wadogo na dhaifu, hawakui vizuri, na nimonia haiwaachi. Wengi hufa kabla ya kukomaa. Lakini wapo ambao kwa miezi kadhaa huonekana wazima, wakikimbizana na wenzao malishoni, na hao ndio wa kuogopwa zaidi.

Hapa ndipo biashara inapoingia, nami naona ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Alpaka hubeba mimba kwa zaidi ya miezi kumi na moja na huzaa mtoto mmoja tu. Wiki mbili au tatu baada ya kuzaa, jike yuko tayari kupandishwa tena. Daftari la ukoo la Marekani halikubali watoto waliopatikana kwa kupandikiza mbegu kwa mrija, kwa hiyo dume na jike lazima wakutane ana kwa ana. Mwenye jike anampakia kwenye trela pamoja na kria anayenyonya, anampeleka kwenye shamba lenye dume la sifa, pengine jimbo jingine, na anamwacha huko kwa wiki kadhaa mpaka ithibitike kuwa ameshika mimba.

Sasa piga picha ya shamba hilo. Majike kutoka mashamba kumi, kila mmoja na kria wake, wanakula hori moja na kunusana pua kwa pua. Kria mmoja tu akiwa mbebaji wa kudumu, virusi vinawapata majike wote ambao ndiyo kwanza wameshika mimba, katika kipindi kile kile ambacho mtoto tumboni hana kinga. Kisha kila jike anarudi kwao. Ukimpima damu baada ya wiki chache huoni virusi, kwa sababu yeye ameshapona. Mtoto aliye tumboni haonekani katika kipimo hicho. Cheti cha maabara hakikudanganya, ila kimesema habari za mama peke yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima kria kutoka makundi 63 ya alpaka nchini Marekani. Katika makundi 16, yaani robo ya yote, walikutwa kria wenye dalili ya kukutana na virusi, na katika makundi 4 walikutwa wabebaji wa kudumu. Makundi 4 yanaweza kuonekana machache, lakini ukikumbuka zile trela, si machache hata kidogo.

Tiba ya mbebaji wa kudumu haipo. Chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya alpaka nayo haipo. Wako wanaotumia za ng'ombe kwa ushauri wa daktari wa mifugo, ila zile zenye virusi hai hazifai kwa jike mwenye mimba. Kinachobaki ni kupima na kutenga. Kila kria akizaliwa, damu yake hupelekwa maabara kutafutwa virusi. Jike aliye mbebaji wa kudumu daima huzaa mbebaji, kwa hiyo kria akitoka safi, mama naye amesafishwa kwa kipimo hicho hicho. Kria akikutwa na virusi hupimwa tena baada ya wiki tatu hivi, maana huenda ni maambukizo ya kupita. Vikiwa bado vipo, hana budi kuondolewa kundini, na ni jambo linaloumiza hasa kwa familia ambayo watoto wake wameshampa jina.

Mnyama anayerudi safarini au aliyenunuliwa hukaa karantini wiki tatu hadi nne, mahali ambapo hawezi kugusana pua na wengine, akiwa na ndoo zake na mhudumu anayebadili viatu. Jike aliyenunuliwa akiwa na mimba ana masharti magumu zaidi: atengwe mpaka azae na mtoto apimwe. Hiyo yaweza kuwa karibu mwaka mzima, na ni wachache wenye nafasi na uvumilivu huo.

Kuna pia suala la fedha, na fedha huzaa ukimya. Katikati ya miaka ya 2000 jike mzuri aliuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Mwaka 2007 wachumi Tina Saitone na Richard Sexton wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionya kwamba thamani ya sufu haiwezi kueleza bei hizo, na kweli bei zikaja kuanguka. Wakati huo mfugaji aliyegundua virusi shambani kwake alijua kwamba akisema atafunga lango, atarudisha fedha za watu, na jina la dume lake litachafuka. Akinyamaza, hakuna atakayejua mpaka miezi kumi na moja ipite. Mimi niliiacha nchi yangu kwa sababu ya kuandika mambo ambayo wakubwa walitaka yafichwe, kwa hiyo huenda nina upendeleo. Lakini naona chama cha wafugaji kinachomtenga aliyesema kinamfundisha anayefuata kunyamaza.

Mambo yanaweza kwenda vingine. Sweden, Norway na Denmark zilianza katika miaka ya 1990 kuwaondoa wabebaji miongoni mwa ng'ombe wao bila kutegemea chanjo, na zikafaulu. Uswisi ilifuata mwaka 2008, na Ireland tangu mwaka 2013 humtaka kila mfugaji kwa sheria apime ndama wake wote. Marekani haina mpango wa lazima wa nchi nzima. Maonyesho mengi ya alpaka yalikuja kudai hati ya kipimo kabla mnyama hajashushwa kwenye trela, lakini nje ya maonyesho kila mtu ni mlinzi wa lango lake.

Hapa Ohio kria wengi huzaliwa baridi inapopungua. Damu huchukuliwa, huwekwa kwenye kichupa na kutumwa maabara, na majibu hurudi baada ya siku chache. Mpaka yarudi, kwa mfugaji makini, kria na mama yake hukaa peke yao upande wa pili wa uzio.