Futi 14 au futi 16? Tulivyochagua boti bapa ya kufanyia kazi horini

Kwa wiki tatu kikundi chetu cha kupanda mikoko hapa Mikindani kilikuwa kimegawanyika pande mbili, na kisa chenyewe kilikuwa futi mbili za alumini. Mwenye yadi mmoja alikuwa na boti mbili za tumbo bapa, mitumba kutoka ng'ambo, moja ya futi 14 na nyingine ya futi 16. Akiba yetu ilitosha kununua moja. Mimi ndiye katibu, na nilikuwa upande wa ile ndogo. Niseme mapema kwamba nilikosea, na naandika haya kwa sababu najua viko vikundi vingine huku Pwani vinavyotaka kununua chombo kwa hesabu ile ile mbovu niliyokuwa nayo.

Haukuwa ubishi wa kupitisha wakati. Msimu wa mvua uliopita akina mama watano wetu walikuwa wakirudi na dau la kukodi kutoka upande wa Junda, limejaa mbegu za mkoko. Alasiri ile kusi lilikuwa limeinuka. Maji yakaanza kuingia kwa tezi, kidogo kidogo, kisha kwa mara moja. Wavuvi wa kaa waliwakuta wameshikilia mbavu za dau, mbegu zimetawanyika kote. Hakuna aliyekufa. Lakini mmoja wao, aliyekuwa hodari wetu wa kitalu, hajapanda chombo tena hadi leo, na kila tulipokutana kuzungumza habari ya boti alikuwa akikaa kimya pembeni, akitusikiliza.

Sasa tuje kwenye boti zenyewe. Ni aina iliyotokana na mito na vinamasi vya Marekani, ambako wanaiita jon boat. Tumbo ni bapa kama sinia, na omo yake haikuchongoka bali imekatwa mraba. Haina mkuku wa kukata maji, inaelea tu juu yake. Ndiyo maana inafaa mahali kama hori letu la Tudor, huu mkono wa bahari unaopita nyuma ya kisiwa cha Mombasa mpaka kule inakomwagika mito ya Kombeni na Tsalu. Ukishaacha mkondo mkuu na kuingia kwenye vijito vya mikoko, kina ni cha magoti, na chombo chenye mkuku kinakwama.

Watengenezaji wengi huziandikia namba nne. Yetu ndogo ilikuwa 1448 na kubwa 1648. Tarakimu mbili za mwanzo ni urefu kwa futi, mbili za mwisho ni upana wa sakafu kwa inchi. Kwa hiyo zote mbili zilikuwa na sakafu ya inchi 48, tofauti ni urefu peke yake. Lishike hilo la upana, nitalirudia.

Hoja yangu ilikuwa hii: hori ni jembamba na maji ni haba, basi chombo kidogo na chepesi kitazama kidogo na kupita pembamba. Nilishangiliwa. Akasimama mzee mmoja aliyeunda mitumbwi maisha yake yote, akaniambia, "Mwanangu, wewe wapima uzito wa boti, hupimi uzito wa maji." Kisha akaketi. Sikumwelewa mpaka nilipofika nyumbani nikachukua kalamu.

Chombo huzama mpaka maji kinayoyasukuma yawe na uzito sawa na wake pamoja na mzigo wake. Katika boti bapa hesabu ni rahisi, maana sakafu ni kama kisanduku. Ile ya futi 14, ukitoa kipande cha omo kinachoinuka, inagusa maji kwa urefu wa kama mita 3.7 na upana wa mita 1.2. Kila sentimita moja inayozama inabeba kama kilo 45. Ile ya futi 16 inagusa kwa kama mita 4.3, na kila sentimita inabeba kama kilo 53. Sasa tupakie watu sita, kilo 390. Mashini na petroli, kilo 70. Mbegu, majembe na maji ya kunywa, kilo 100. Boti ndogo yenyewe tuipe kilo 120 na kubwa kilo 150. Ndogo itazama sentimita 15. Kubwa, pamoja na uzito wake wa ziada, itazama sentimita 13 na kidogo.

Yaani ile kubwa ndiyo inayopita maji haba. Kwa mzigo huo huo ni nyepesi kwa maji, ingawa ni nzito kwa mabega yetu. Ukiwa peke yako na nyavu zako tofauti hiyo karibu inapotea, lakini kikundi hakiendi kazini mtu mmoja.

Na upana? Jaribu hesabu hiyo hiyo kwa boti ya futi 16 yenye sakafu ya inchi 36. Kila sentimita itabeba kilo 40 hivi tu, chini ya ile fupi yenye inchi 48. Kwa hiyo muuzaji akikutajia urefu tu, chukua futikamba ulale chini ya boti upime sakafu mwenyewe. Upana ndio pia unaozuia kuyumba mtu anaposimama kuvuta dema. Kwa hilo boti zetu mbili zilikaribiana, kwa sababu upana ulikuwa mmoja.

Lililonitisha zaidi ni tezi. Ubao wa kufungia mashini huwa umekatwa chini kuliko mbavu: inchi 15 kwa mashini ya mguu mfupi, inchi 20 kwa mguu mrefu. Inchi 15 ni sentimita 38. Hapo hapo ndipo panapokaa mashini, tangi la petroli na nahodha, na mara nyingi na rafiki yake anayependa kuzungumza naye. Tulipomwomba mwenye yadi atuteremshie zote mbili majini, tulichora chaki kwenye tezi, tukapanda watu sita na magunia ya mchanga badala ya mbegu. Katika ile ndogo hapakuwa na namna ya kukaa bila wawili kurundikana nyuma, na wimbi la boti iliyopita likalamba ukingo wa ubao. Katika ile kubwa wawili wale walisogea benchi la kati na tezi ikainuka. Yule mama wa kitalu alikuwa amesimama ufuoni anatazama. Sikuhitaji kumweleza kitu.

Marekani sheria inataka boti za aina hii zilizo chini ya futi 20 ziwe na kibao kinachoonyesha idadi ya watu, uzito na nguvu za mashini. Kwenye ile ndogo kibao kilikuwa kimeng'olewa, matundu ya ribiti yanaonekana. Usipokikuta, kuna kanuni yao ya haraka: zidisha urefu kwa upana wa juu, vyote kwa futi, ugawe kwa 15. Kwa upana wa juu wa futi 5.8, ndogo ilitoa watu 5 na kubwa 6. Hiyo ni idadi ya siku ya shwari, na haikuondolei wajibu wa kukagulisha chombo na kuchukua leseni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, wala wa kuwa na jaketi za kuokoa maisha kwa kila kichwa.

Upande wa ndogo ulibaki na hoja moja nzito, nami siifichi. Tope. Maji yakipwa siku za bamvua, ufuo wetu unabaki uwanja wa tope linalomeza mguu hadi gotini. Ile ndogo, ikishavuliwa mashini, watu wanne wanaiburura. Kubwa inataka sita, na sita hao nao wanazama. Ukichelewa nusu saa unangoja maji yarudi, na kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika zake. Kwa mvuvi mmoja na mwanawe, anayelaza chombo juu kila siku, ningesema nunua futi 14 na usijute. Sisi tumekubaliana kubwa isiburuzwe kabisa: inalazwa kwenye nanga pembeni mwa mkondo, na jedwali la maji limebandikwa mlangoni kwa mwenyekiti.

Na boti hizi, ndogo au kubwa, si za kutokea nje. Tumbo bapa likikutana na wimbi linapiga kofi, linarusha maji usoni, na upepo unaisukuma ubavu kama jani. Sisi mwisho wetu ni kabla ya daraja la Nyali.

Kuhusu alumini, mambo machache yamewaponza wengi. Usipake rangi ya chini yenye shaba, ile inayopakwa kwenye faiba kuzuia chaza na majani, kwa sababu shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi hulana, na inayoliwa ni alumini. Kwa sababu hiyo hiyo usiache misumari wala sarafu ngamani. Kama boti ni ya ribiti na si ya kuchomelewa, ijaze maji ya bomba ikiwa juu ya magogo, kisha pita chini uone inavuja wapi. Tulifanya hivyo na tukaweka alama ribiti saba kwenye ile kubwa, bei ikashuka. Gonga pia chini ya mabenchi, ambako huwekwa sponji gumu la kuielesha boti ikijaa maji. Sponji la zamani hunywa maji, ukajikuta unabeba kilo ambazo hazimo kwenye hesabu yako.

Tulinunua ya futi 16. Kabla ya kuishusha, mzee wa mitumbwi alipiga mstari mwekundu kuizunguka, sentimita 18 kutoka chini, na makubaliano ni kwamba mstari ukilowa ikiwa imetulia, mtu mmoja anashuka na kungoja safari ya pili. Jumamosi iliyopita ulilowa upande wa tezi. Aliyeshuka ni katibu.