Likizo ya familia Stockholm bila tiketi ya ndege: namna ya kuipanga, na hela inayobaki iende wapi



Kila likizo ya shule za nyumbani ikikaribia, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Watoto wanalia wanataka kuja kuniona Stockholm. Nikope?" Anayeuliza huwa ni dada anayefanya usafi maofisini usiku, au kaka aliye kwenye ujenzi ambaye hajamwona mwanawe miaka mitatu. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo jibu langu la kwanza ni la hesabu. Lakini pia ni mzazi. Mwanangu wa miaka tisa anaishi Tanga na mama yangu, na najua swali hili si la hela peke yake.

Leo nieleze kitu ambacho familia yangu tumekifanya mara nne sasa: likizo ya kwa simu. Wao wakiwa sebuleni Tanga, mimi nikiwa mtaani Stockholm, tunatembea mji pamoja kwa wiki moja, kila siku na mada yake. Siyo kupiga video tu na kusema "mnaonaje, hapa ndiyo Ulaya". Ni safari yenye ratiba, bajeti na mwisho.

Hesabu kwanza

Chukua familia ya mfano: mwenzi wako, mtoto wa miaka 14, wa miaka 9 na wa miaka 4. Tangu Juni 2024 ada ya viza fupi ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 ni bure. Kijana wa miaka 14 analipa kama mkubwa. Kwa hiyo ni 90 + 90 + 45 + 0, jumla euro 225. Hela hiyo hairudi hata mkinyimwa viza. Ongeza bima ya matibabu ya safari, ambayo lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000 kwa kila msafiri. Ongeza nauli ya kupeleka maombi. Hapo hujagusa tiketi nne za ndege.

Halafu jiulize swali la kihasibu: ukienda wewe nyumbani unanunua tiketi moja. Wakija wao unanunua nne. Lengo ni lile lile, kuonana.

Sisemi familia isije kamwe. Nasema usikope kwa ajili ya safari. Mkopo wa likizo utaulipa muda mrefu baada ya picha kusahaulika.

Sasa likizo yetu ya mwisho. Nilitenga krona 600 kwa wiki nzima. Krona 200 zilikuwa za bando la nyumbani, 150 za unga, sukari na viungo, na 250 za kiingilio changu cha makumbusho na kahawa. Hela ya nyumbani niliituma pamoja na matumizi ya mwezi, siyo peke yake, ili nisilipe ada ya kutuma mara mbili. Usafiri sikuuhesabu kwa sababu kadi yangu ya mwezi ya SL nilishailipia kwa ajili ya kazi.

Ratiba: kila siku mada moja

Mara ya kwanza nilikosea. Nilitaka kuwaonyesha mji wote Jumamosi moja. Tulitembea saa mbili na nusu, bando likaisha nikiwa Slussen, na mama akaniambia baadaye kwamba mtoto alikuwa ameshalala zamani, alikuwa anaangalia yeye peke yake. Sasa tunafanya dakika 30 hadi 40, basi.

Siku ya kwanza: mji wa visiwa. Stockholm imejengwa juu ya visiwa 14. Napanda kivuko cha Slussen kwenda Djurgården, ambacho kadi ya SL inakubalika. Mwanangu anakijua kivuko cha Pangani, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kulinganisha: kipi kikubwa, kipi kinapakia magari, maji ya wapi yana rangi gani.

Siku ya pili: meli iliyozama. Hapo hapo Djurgården kuna makumbusho ya Vasa. Meli hii ya kivita ya mfalme Gustav II Adolf ilianza safari yake ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628, ikaenda kama mita 1,300 tu, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, ikazama mbele ya watu wa mji. Ilikaa chini miaka 333 mpaka ilipoinuliwa mwaka 1961. Mbao zilipona kwa sababu bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, na wale wadudu wanaotoboa mbao za majahazi huko kwetu hawaishi humo. Kwa nini ilizama? Juu ilikuwa nzito mno, mizinga na mapambo, na chini uzito wa kuituliza haukutosha. Wakubwa walionywa. Watu 30 walikimbizwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kuipima, ikayumba mpaka jaribio likasimamishwa, na bado ikaondoka. Nikimaliza kumsimulia mwanangu huwa nawaza wateja wangu. Wengi tuko hivyo: mapambo juu, chini hakuna uzito.

Siku ya tatu: treni za chini ya ardhi. Zaidi ya vituo 90 vina kazi za sanaa. Nenda T-Centralen, njia ya bluu. Kuta za mwamba zimechorwa majani ya bluu, na kuna sehemu zimechorwa vivuli vya mafundi waliokijenga kituo hicho. Msanii Per Olof Ultvedt aliwaweka pale katika miaka ya 1970 kama heshima. Kaka zangu wa ujenzi, hapo simameni na simu. Mwonyeshe mwanao kwamba kuna mji uliochora watu wa kazi kama yako ukutani ili wapita njia wawaone. Ukipata nafasi malizia Solna centrum, ambako ukuta ni msitu wa kijani chini ya anga jekundu, karibu kilomita nzima.

Siku ya nne: Mzanzibari na Nobel. Twende Stortorget, uwanja wa mji wa kale, Gamla stan. Kwenye jengo lililopo pale ndipo lilipotangazwa jina la Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, tarehe 7 Oktoba 2021, kuwa mshindi wa Nobel ya fasihi. Na sikilizeni hili: kwa sababu ya korona, Desemba ile hakuja Stockholm. Medali alikabidhiwa London, na sherehe ikawa ya kutazamwa kwa mbali. Washindi wa miaka ile walialikwa Stockholm mwaka uliofuata, Desemba 2022. Kama mshindi wa Nobel alisubiri, na sisi tunaweza kusubiri. Wenye watoto wakubwa, riwaya yake Paradise imetafsiriwa kwa Kiswahili, inaitwa Peponi.

Siku ya tano: fika. Hili ni pumziko la kahawa na kitafunwa, na Waswidi hawalifanyii mzaha. Kitafunwa chenyewe ni mkate mtamu wa mdalasini, na kwenye unga wake wanatia iliki. Mdalasini na iliki! Mama akapika maandazi ya iliki Tanga, mimi nikanunua mkate wangu, tukala pamoja kwenye skrini. Hii ndiyo siku ambayo mama huisimulia kwa majirani.

Siku ya sita: siku yangu ya kawaida. Hii usiiruke. Nitaeleza kwa nini.

Mambo ya kiufundi na ya usalama

Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna mahali pa kuchagua kutumia data kidogo kwenye simu. Washa pande zote mbili. Kumbuka saa: kipindi cha baridi Afrika Mashariki iko mbele ya Sweden kwa saa mbili, kipindi cha joto kwa saa moja. Saa nne asubuhi Stockholm mwezi wa Januari, Tanga ni saa sita mchana.

Ukiwa ndani ya makumbusho vaa spika za masikioni na uongee polepole. Mahali ambapo mtandao ni dhaifu, rekodi vipande vya dakika moja moja utume, halafu mpigiane kuvijadili. Wenzetu wa Falme za Kiarabu pia wafanye hivyo, kwa kuwa kule simu za WhatsApp huwa zimefungwa. Mji wowote unafaa kwa mpango huu: Dubai, Muscat, Oslo.

Usionyeshe nyumba ya mwajiri, watoto wake wala eneo la ujenzi lenye watu kazini bila ruhusa. Kazi yako ni muhimu kuliko picha. Na mtu akikuuzia "mwaliko wa viza wa uhakika" baada ya kuona familia yako inaitamani Stockholm, kata simu.

Siku ya sita

Mwanangu alikuwa anadai tableti. Kila nikikataa anasema, "Lakini Mama, kwenu huko kuna hela." Sikumlaumu. Picha nilizokuwa natuma zote zilikuwa za kiangazi, maua nyuma, nimevaa vizuri.

Desemba ile nikampigia nikitoka kazini. Katikati ya Desemba jua hapa linazama kabla ya saa tisa alasiri. Ilikuwa kama saa tisa na nusu, mvua ya theluji, na mimi nimebeba mifuko ya chakula cha bei ya punguzo. Tanga ilikuwa saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo, nilisikia watoto wanacheza mpira nje. Akaangalia kidogo akauliza, "Mama, mbona kwenu usiku?" Nikamwonyesha chumba changu, jiko tunalotumia watu watatu, daftari langu la matumizi. Kodi hii. Usafiri huu. Hii ni ada yako. Hii ni dawa ya Bibi. Akasoma namba mwenyewe, taratibu. Hakusema kitu kuhusu tableti. Aliuliza kama ninasikia baridi.

Mama yangu alikuwa nyuma yake. Wiki iliyofuata aliniambia amemrudia shangazi na kumwambia mchango aliokuwa amemuahidi kwa niaba yangu haupo mwaka huu. Sikumwomba afanye hivyo.

Ndiyo maana nasema siku ya sita usiiruke. Siku tano za kwanza ni za furaha, na watoto wanastahili furaha. Siku ya sita ndiyo inayobadilisha hesabu, kwa sababu familia haiwezi kukusaidia kuweka akiba ya hela ambayo haijui inavyopatikana. Siyo kulalamika wala kuwatia hofu. Mtoto mdogo mwonyeshe giza na koti. Mkubwa mwonyeshe daftari.

Hela inayobaki

Hapa ndipo wengi wanateleza. Hela ambayo hukuitumia siyo akiba mpaka uihamishe. Ikibaki kwenye akaunti ya matumizi itaondoka na viatu na pesa za dharura za watu wengine. Siku likizo inapoisha, fungua fungu tofauti na ulipe jina: "Nakwenda nyumbani". Weka kiasi kile kile kila mwezi siku ya mshahara, kabla ya kutuma. Krona 500 kwa miezi 24 ni krona 12,000. Ukiweza 300 tu, ni 7,200. Anza na hizo, na usiziweke kwenye upatu ambao huwajui wote.

Kisha waambie nyumbani tarehe, mwezi na mwaka. Mwanangu ameiandika ya kwetu nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi, na kila mwezi nikimtumia picha ya salio, anaweka alama moja. Mpaka leo ziko alama 11. Zimebaki 13.