Kibodi Isiyo na Waya na Alama ya Ritifaa

Mwalimu wa Boito, katika nchi ya chai ya Bomet, aandikaye Kiswahili na Kipsigis kwa kibodi isiyo na waya, hukabiliwa na matatizo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni la mawasiliano. Katika Linux, kibodi ya Bluetooth kwa kawaida huoanishwa kwa tarakimu sita zionekanazo kwenye skrini, nazo hupigwa katika kibodi yenyewe. Mfumo usipoambiwa uiamini, huenda isiungane tena baada ya tarakilishi kuzimwa.

La pili lamhusu zaidi mwanaisimu. Kibodi haipeleki herufi bali namba ya kitufe. Mfumo ndio uamuao herufi. Mpangilio wa kimataifa wa Kiingereza cha Marekani huihesabu ritifaa kuwa alama ya mkazo ingojayo irabu. Hivyo ng'ombe huwa ngómbe, na ng'alek, yaani ‘maneno’ kwa Kipsigis, huwa ngálek. Hapo hulaumiwa kibodi, nayo haina hatia. Inafaa kuchagua mpangilio wa kawaida wa Marekani, au kupiga ritifaa na kuifuatishia nafasi kabla ya irabu.