Ukuta wa kuvu, sumu ya mahindi

Ukungu wa kijani ukionekana kwenye mahindi, wengi wetu huyapeta, huyaosha, kisha huyatia sufuriani pamoja na maharagwe. Kwa macho, kuvu imekwisha. Mwaka 2004 macho hayo yalitudanganya. Huko Kenya, Makueni, Kitui na wilaya jirani zilihesabu wagonjwa 317, macho yao yamegeuka manjano kwa ini lililoharibika. Wakafa 125.

Kuvu yenyewe ni Aspergillus flavus, nyuzi nyembamba mno, kila uzi umezungukwa na ukuta. Mmea wa mahindi hujenga ukuta wake kwa selulosi. Kuvu hutumia kitini, dutu ileile inayokaza gamba la nzige, ikiwa imesukwa pamoja na glukani, yaani minyororo mirefu ya glukosi. Na wanga wa mahindi nao ni glukosi! Kuvu huvunja punje, huchukua sukari yake na kuiunga upya kwa namna nyingine, chakula chetu kikawa matofali yake.

Kazi ya ukuta huo ni kuhimili maji. Uzi huyanyonya hadi ukajaa kama tyubu ya baiskeli, na kwa msukumo huo ncha yake hupenya punje iliyotobolewa na wadudu. Mahindi yakianikwa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, msukumo hauwezekani. Lakini mwaka ule wa 2004, wakati wa njaa, kwa kuogopa wezi, watu waliyaingiza yakiwa bado na maji katika nyumba walizolala.

Ukuta huilinda kuvu hata shambani: aina iliyoua wakati ule huacha ardhini vijidonge vidogo vyeusi, kuta zake zimekolea melanini, yaani rangi nyeusi, vikavumilia kiangazi.

Aflatoksini, sumu yenyewe, si sehemu ya ukuta. Hutengenezwa ndani ya uzi, ikavuka ukuta na kuzama katika punje. Kuchemsha huua kuvu, sumu ikabaki. Zipo dawa za hospitali, kama kaspofungini, zinazozuia kuvu isijenge glukani. Ila aliyekula mahindi yale hana kuvu mwilini, ana sumu, na hiyo haina kiuasumu.

Kwa hiyo mapambano ni ya shambani. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, KALRO, katika kituo chake cha Katumani, hutengeneza Aflasafe KE01: punje za mtama zilizobeba ndugu wa kuvu hiyohiyo, wenye ukuta uleule, wasiotoa sumu. Mkulima humwaga kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, ili ndugu hao wawahi kuikalia punje.